Mtu Mzima na Gemu la Mwenzake

Wasomi wetu wameshupalia neno moja: mtu mzima kukaa YouTube akitazama gemu analocheza mwingine ni kupoteza muda. Mimi nakataa.

Nenda kijiwe cha drafti pale Majengo, Moshi. Wanaocheza wawili, waliosimama kumi, na hao kumi ndio wenye kelele. Nani huwauliza kwa nini hawachezi? Bao nalo ni hivyo hivyo. Raha ya mtazamaji ni kuiona akili ya mtu ikifanya kazi, na kumsahihisha bila yeye mwenyewe kufungwa.

Mwaka 2014 Amazon waliinunua Twitch, mtandao wa kutazama wengine wakicheza, kwa dola milioni 970 hivi. Sisi tulilijua hilo zamani, ila hatukulipwa.

Tena bodaboda aliyeshinda juani hana PlayStation, na mikono imechoka. Ana simu na bando la jero. Anatafuta sauti inayosimulia hatari isiyomgusa. Wazee wa Marangu waliipata penye mbege. Hiyo ni hadithi, jamani! Mkiidharau, msilalamike kwamba watu hawasomi: wasikilizaji mnawafukuza wenyewe.