Sehemu ya 4: Kidude cha "kupima nyutroni"

Wamama zangu, leo naongea na wanaowauzia wajawazito kidude cha mkononi, eti kinanasa nyutroni zinazotoka kwenye eksirei.

Jamani! Eksirei ya kifua haitoi nyutroni. Kuing'oa nyutroni kwenye atomu kunataka nguvu ya volti milioni kadhaa. Mashine ya picha huwa haivuki kilovolti 150. Zinazotoa ni zile kubwa za kutibu saratani, za megavolti zaidi ya 10, na kuta zake ni zege nene.

Halafu kunasa nyutroni chache si mchezo. Haina chaji, inapita kimya. Wataalamu hutumia, kwa mfano, zinki salfaidi yenye lithiamu-6. Lithiamu ikimeza nyutroni inapasuka, vipande vyake vinamwesha zinki, na kile kimweko kidogo kinakuzwa na kuhesabiwa. Hapo bado miale ya gama inaleta vimweko vyake, lazima vichujwe. Na nyutroni kidogo zipo hewani siku zote, zinatokana na miale ya kutoka angani, kwa hiyo unahesabu muda mrefu ndo ujue kama zimezidi. Sasa kidude kinacholia hapo hapo mlangoni kimehesabu nini?

Kinacholia kinamrudisha nyumbani mtoto aliyekohoa wiki tatu, bila picha. Kama ni TB, inaendelea kumla.

Eksirei ina mionzi yake, ndiyo, kidogo. Una mimba? Sema kabla hujapigwa.

Na wewe muuzaji, kidude chako kina lithiamu kiasi gani? Nakusubiri kwenye komenti.