Vita na Shamba la Mkulima



Mwezi huu tuache mbolea kidogo. Tuzungumze juu ya vita.

Adui akichoma mahindi yako ghalani, watoto watakula nini? Swali hili ni la zamani. Hugo Grotius alikuwa mwanasheria wa Uholanzi. Alifungwa kwa sababu ya siasa. Mwaka 1621 alitoroka gerezani, amejificha ndani ya sanduku la vitabu. Mwaka 1625 alitoa kitabu juu ya sheria za vita na amani. Wakati huo Ulaya ilikuwa vitani. Alifundisha kwamba hata vita vina mipaka. Wakulima wasiuawe. Mashamba na miti ya matunda visiharibiwe ovyo.

Wazo hilo lilichukua muda mrefu kuota. Mwaka 1977, mjini Geneva, mataifa yalikubaliana hivi: ni marufuku kuharibu mazao, mifugo na maji ya kunywa ili raia wafe njaa.

Sheria hii bado inavunjwa. Lakini asiyeijua ataidai vipi? Basi tusome mawazo ya waliotutangulia. Mwembe hupandwa na babu, wakala wajukuu.

Ni mimi, Bwana Shamba wenu.