Mgonjwa Mmoja, Matatu Mbili
Na Mwanaisha Kombo

Mikindani ina nyumba ambazo mama halali mpaka afunge ufunguo wa chumba kwenye pindo la leso. Mtungi wa gesi umesukumwa chini ya kitanda. Simu iko ndani ya foronya. Sufuria kubwa ya pilau imewekwa kwa jirani, na jirani hajauliza kwa nini. Barazani amejilaza kijana wa miaka thelathini na kitu. Mara anacheka peke yake, mara anamjibu mtu asiyeonekana. Sahani yake ya wali imefunikwa kawa mezani. Hiyo haifichwi.

Mtaani jina lake ni teja. Wapo wanaosema neno hilo limetokana na ile sauti ya simu inayokwambia mteja hapatikani kwa sasa. Iwe kweli au masihara ya watoto wa mjini, mzazi aliyempigia mwanawe saa nane za usiku hahitaji kufafanuliwa. Lakini jina hilo linataja nusu tu ya maradhi. Kijana huyu ana unga, yaani heroini, na pia ana sauti kichwani.

Kipi kilitangulia? Hapo ndipo familia hugombana hadi kuche. Shangazi anasema ni bangi aliyoanza shuleni. Baba anasema mama alimdekeza. Mama ananyamaza, kwa kuwa anakumbuka mtoto aliyeanza kujifungia chumbani kabla hajavuta chochote. Madaktari wanazikubali njia zote mbili. Bangi ikianzwa katika umri mdogo huongeza hatari ya kuchanganyikiwa, hasa pale ambapo maradhi ya akili yamo katika ukoo. Na wapo ambao sauti zilianza zenyewe, wakatafuta cha kuzinyamazisha, wakaukuta unga uko karibu kuliko daktari.

Basi huanza safari. Kisomo, maombi, mganga wa huku, mganga wa kule. Safu hii haina ugomvi na kisomo. Mgonjwa anaweza kusomewa jioni na asubuhi akameza dawa. Ugomvi uko kwenye mnyororo anaofungwa mgonjwa, na kwenye miaka inayopotea kabla ya mtu kuthubutu kusema neno hospitali.

Na hospitali ni ipi? Tazama jiografia ya mama huyu. Akisimama kituoni Mikindani, matatu za kuelekea bara zinampeleka Miritini, kwenye kituo cha matibabu ya waraibu na methadoni. Akivuka barabara, matatu za kurudi mjini zinamfikisha Changamwe, na kutoka hapo anakwenda Port Reitz, hospitali ambayo kwa watu wa Pwani jina lake limefungamana na wagonjwa wa akili. Kichwa kimoja, pande mbili za barabara. Mahali pengi duniani mzazi wa mgonjwa wa aina hii husikia jibu lile lile: huku anaambiwa mwana aache dawa kwanza ndipo akili itibiwe, kule anaambiwa akili itulie kwanza ndipo aingizwe kwenye programu. Mama anabaki katikati ya lami na nauli mkononi.

Sheria ya Kenya haimgawi hivyo. Sheria ya Afya ya Akili, ilivyorekebishwa mwaka 2022, inamhesabu aliyegunduliwa na uraibu wa pombe au dawa za kulevya kuwa miongoni mwa wagonjwa wa akili. Inampa pia jamaa, akiwemo mzazi, nafasi ya kuomba mgonjwa asiyejiweza kuamua alazwe, hata kama ni mtu mzima mwenye ndevu zake. Wazazi wengi hawalijui hilo. Wanachojua ni kwamba mwana akishapata kitambulisho, hawana tena usemi juu yake.

Methadoni yenyewe inafaa kuelezwa, maana barazani inasemwa vibaya. Hunywewa mara moja kwa siku, mbele ya mhudumu, na humwondolea mtu arosto, yale mateso ya kukosa unga, bila kumpandisha. Asiyeamka na arosto hana haja ya kuuza sufuria. Lakini methadoni haizimi sauti. Sauti zina dawa zake, ikiwemo ile sindano ya mwezi. Hatari iko pale zahanati moja isipojua nyingine imeandika nini. Kabamazepini, dawa ya kifafa inayotumiwa pia kwa maradhi ya akili, huifanya methadoni iishe mwilini upesi. Kijana anakunywa kipimo chake asubuhi, usiku anatetemeka kwa arosto, alfajiri yuko maskani. Nyumbani wanasema hana shukrani.

Dawa ambazo hazipaswi kutengana, Kenya ilianza kuzitoa pamoja. Methadoni ilianzia Mathari, Nairobi, Desemba 2014, ndani ya hospitali kuu ya magonjwa ya akili nchini. Agosti ya mwaka huo huo, Rais Uhuru Kenyatta alishuhudia meli ya Al Noor ikilipuliwa baharini mbali na Mombasa pamoja na heroini iliyokamatwa ndani yake. Moshi ulipandia kwetu, dawa ikaanzia Nairobi! Malindi ilifuata mwaka 2015, kisha zikaja Kisauni, Miritini na Kombani kule Kwale. Zahanati zimetusogelea, shukrani. Kilichoachwa Nairobi ni ule ujirani wa daktari wa akili.

Jambo moja zaidi, nalo ni la kuokoa maisha. Mzazi aliyechoka husema afadhali mwanawe akamatwe, akae ndani apumzike. Mtu akitoka jela au kwenye nyumba ya matibabu baada ya wiki kadhaa bila unga, mwili umeshasahau kipimo cha zamani. Akirudia kile kile alichozoea, pumzi hukatika. Siku za mwanzo za kurudi nyumbani, zile ambazo watu wanachinja kuku na kushangilia, ndizo za kumkodolea macho zaidi. Ipo dawa ya kuzindua aliyezidiwa, inaitwa naloksoni, na kila mzazi anayekwenda kliniki na aiulizie kwa jina.

Kaunti ikitaka kutenda, hutenda. Mei 2024 Gavana Abdulswamad Nassir alipiga marufuku muguka, yale majani ya kutafuna, kuingia Mombasa, na wenzake wa Kilifi na Taita Taveta wakafanya vivyo hivyo. Lilikuwa jambo la siku chache: amri ikatoka, malori yakazuiwa, kelele zikapanda hadi Embu, mahakama ya huko ikasimamisha marufuku. Safu hii haihitaji amri nyingine. Afya iko mikononi mwa kaunti, na kinachoombwa hapa hakina malori: muuguzi wa akili akae Miritini asubuhi methadoni inapotolewa, faili liwe moja, na pale juu ya faili pawe na nafasi ya jina na simu ya mzazi. Wahudumu wa afya ya jamii wanaopita Mikindani nyumba kwa nyumba wanazijua nyumba zenyewe. Waulizwe.