Mwaminifu kwa nani?

Jamani, hivi mteja mwaminifu wa ndege ni nani? Tangu 2022, American Airlines ya Marekani inahesabu hivi: dola moja uliyolipa kwa kadi ya mkopo yenye jina lao, pointi moja ya kupandia daraja. Fikisha 200,000 kwa mwaka, wewe ni Executive Platinum. Yaani unanunua masofa na vitunguu, hukanyagi uwanja wa ndege, halafu siku ukisafiri unatangulia kuingia kuliko anayeruka kila wiki kwa tiketi za bei poa!

Mimi naita huu usanii. Shirika linaiuzia benki pointi, benki inakuuzia wewe deni, na ukichelewa kulipa riba inapita asilimia 20. Si wabandike tu bei ya hicho cheo dirishani?