Jiko la wali la umeme: Namna ya kulichagua, na kwa nini wali usilale ndani yake

Wali umepikwa saa 1 usiku kwenye jiko la umeme. Familia imekula, uliobaki umeachwa humo humo ili ubaki wa moto. Saa 12 asubuhi mama anafunua mfuniko, mvuke unamgusa usoni, na bila wasiwasi anaupakia kwenye hotpoti ya mtoto anayekwenda shule.

Lakini kama umeme ulikatika saa 4 usiku na kurudi saa 10 alfajiri wakati wote wamelala, wali huo ulipoa kwa saa nyingi, kisha ukapashwa upya bila mtu kujua. Kwa macho, kwa mkono na hata kwa harufu, huenda usitofautiane na wali uliokaa kwenye joto usiku kucha. Tumboni mwa mtoto, tofauti inaweza kuwa kubwa.

Hilo ni jambo la kujua mapema kuhusu chombo hiki ambacho wengi hukiita "raisi kuka". Faida zake kwa afya ya familia ni za kweli. Kinachohitajika ni kukichagua vizuri, kukitumia inavyotakiwa na kujua mwisho wa uwezo wake.

Kutoka mafiga hadi soketi

Wali si mgeni Tabora. Wazungu Richard Burton na John Speke walipofika Kazeh mwaka 1857, kwenye njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji, mpunga ulikuwa tayari unalimwa Unyanyembe na Waarabu waliokuwa wamepiga kambi ya biashara hapo. Leo mchele wa Nzega, Igunga na Uyui hupikwa nyumbani na kwenye shughuli, kuanzia Ng'ambo hadi Ipuli.

Kilichobadilika polepole zaidi ni moto. Kaya nyingi bado hupika kwa kuni au mkaa wa miti ya miombo, na wapishi wengi bado hupalia makaa juu ya mfuniko ili wali uive vizuri. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa moshi wa majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020, vikiwamo zaidi ya 237,000 vya watoto walio chini ya miaka mitano. Mkaa hautoi moshi mwingi kama kuni, lakini hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo huua haraka jiko likiwa ndani ya chumba kilichofungwa.

Serikali ilizindua Mei 2024 mkakati wa miaka kumi wa nishati safi ya kupikia, wenye lengo la kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034. Kwa kaya yenye umeme, kuhamisha chungu kimoja tu cha siku kutoka kwenye mkaa ni mwanzo mzuri, na wali ni chakula rahisi kuanza nacho.

Linajuaje kuwa wali umeiva?

Jiko la kwanza la aina hii lililojizima lenyewe lilianza kuuzwa na kampuni ya Toshiba nchini Japani mwaka 1955, baada ya fundi Yoshitada Minami na mkewe Fumiko kufanya majaribio mengi ya kupika wakitafuta joto na muda unaofaa.

Majiko ya kawaida ya leo hutumia sumaku iliyo chini ya sufuria. Maji yakiwa bado yapo, sufuria haiwezi kuwa ya moto kuliko maji yanayochemka. Mchele ukishayanywa yote, joto la chini hupanda ghafla, sumaku hupoteza nguvu, na swichi huruka kutoka kwenye kupika kwenda kwenye kutunza joto.

Mji wa Tabora uko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji huchemka karibu nyuzijoto 96 badala ya 100. Wali unaweza kuchelewa kidogo kuliko Dar es Salaam, lakini jiko halitakosea, kwa kuwa linasubiri maji yaishe.

Kwa sababu hiyo pia, kuifungia swichi kwa kamba au kuiwekea kitu kizito ili isiruke ni hatari. Hapo jiko limeondolewa kinga yake, na linaweza kuungua.

Kabla ya kulipa

Jambo la kwanza ni ukubwa. Majiko mengi yenye alama ya lita 1.8 hupika vikombe 10 vya mchele, lakini kikombe kinachokuja na jiko ni cha mililita 180, kidogo kuliko kikombe cha chai cha nyumbani. Kilo moja ya mchele ni kama vikombe sita hadi saba vya aina hiyo. Familia inayopika kilo moja kwa mlo itatoshelezwa na jiko hilo. Kwa kuwa baadhi ya watengenezaji huhesabu ujazo wa sufuria nzima, ni vyema mnunuzi afungue boksi na kusoma mistari iliyomo ndani ya sufuria.

La pili ni kibandiko cha chini. Umeme wa nyumbani Tanzania ni volti 230, hivyo kibandiko kisomeke volti 220 hadi 240. Jiko la mtumba lililotengenezwa kwa matumizi ya Japani ni la volti 100. Likichomekwa moja kwa moja kwenye soketi ya hapa, litaungua na linaweza kuwasha moto.

La tatu ni plagi. Baadhi ya majiko huja na plagi ya pini mbili za mviringo, na watu huchokoa tundu la juu la soketi kwa kalamu ili iingie. Plagi hiyo hukaa kwa kulegea na hupata joto. Zaidi ya hapo, jiko lenye umbo la chuma linahitaji waya wa ardhini, ule mafundi wanaouita "ethi", na kwa njia hiyo haufanyi kazi. Fundi umeme afunge plagi ya pini tatu, na jiko lichomekwe kwenye soketi ya ukutani. Ekstensheni nyembamba inayobeba friji na televisheni haifai.

La nne ni mahali pa kuliweka. Waya usining'inie ukingoni mwa meza ambapo mtoto anayejifunza kutembea anaweza kuuvuta. Tundu la mvuke lisiwe usawa wa uso wake. Mtoto akiungua, sehemu hiyo ipozwe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20, kisha apelekwe kituo cha afya. Dawa ya meno, mafuta na asali visipakwe.

Maji, mchele na ukoko

Mchele uoshwe kwenye bakuli jingine ili usikwaruze sufuria ya jiko. Nje ya sufuria pafutwe pakauke kabla ya kuirudisha, kwa sababu hata punje moja iliyonasa chini huzuia sufuria kukaa sawa na wali huiva upande mmoja.

Kwa kuanzia, kikombe kimoja cha mchele kipewe kikombe kimoja na robo hadi kimoja na nusu cha maji, kwa kikombe kilekile. Mchele mpya wa msimu huhitaji maji machache, la sivyo hutoka bokoboko. Wa zamani hunywa zaidi. Baada ya mara mbili tatu mpishi atakuwa ameujua mchele wake.

Swichi ikiruka, mfuniko usifunuliwe kwa dakika 10 hadi 15. Mvuke unaobaki ndani hufanya kazi ileile ya makaa ya juu ya mfuniko. Kwa wali wa nazi, tui jepesi litumike kama maji ya kupikia na tui zito litiwe mwishoni, kwani likitangulia huweza kushika chini na kuifanya swichi iruke kabla wali haujaiva. Ukoko ulowekwe kwa maji badala ya kukwanguliwa kwa kijiko cha chuma.

Uniti ngapi?

Jiko la wati 700 likipika kwa dakika 35 hutumia takriban uniti 0.4. Kwa kupika mara moja kila siku, ni kama uniti 12 kwa mwezi. Mteja wa kundi la D1, anayelipa Sh100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo, ataongeza kama Sh1,500 kwa mwezi. Wa kundi la T1, anayelipa Sh292 kabla ya kodi na tozo, ataongeza karibu Sh4,400. Familia inaweza kulinganisha na fedha ya mkaa inayotoka kila siku kwa ajili ya wali peke yake.

Wa D1 wachunge kikomo cha uniti 75 kwa mwezi. Anayetumia uniti 70 sasa, akiongeza 12, atavuka, na uniti za juu ya hapo hutozwa Sh350 kila moja kabla ya kodi na tozo.

Hesabu nyingine husahaulika. Kutunza joto hutumia umeme pia. Kwa majiko mengi ni wati 40 hadi 50, hivyo saa 10 za usiku hufikia uniti 0.4 hadi 0.5. Ni sawa na kupika sufuria nyingine mpya.

Wali uliopoa na umeme uliorudi

Mchele hutoka shambani ukiwa na mbegu za bakteria wa udongo aitwaye Bacillus cereus. Mbegu hizo hazifi kwa kuchemshwa. Wali ukipoa chini ya nyuzijoto 60 na kukaa hivyo, huamka, huongezeka, na baadhi hutoa sumu ndani ya chakula. Sumu inayosababisha kutapika haiharibiwi kwa kupasha moto. Ndiyo maana kuchemsha kiporo hadi kitoe mvuke hakukirudishii usalama kilioupoteza.

Kanuni ya kushika ni saa mbili. Wali usikae nje ya joto la jiko au nje ya friji zaidi ya muda huo, na siku za joto kali za Septemba na Oktoba, saa moja. Jiko likiwa limewashwa na linatunza joto zaidi ya nyuzijoto 60, wali uko salama kwa saa chache. Umeme ukikatika, saa ianze kuhesabiwa hapo hapo. Ukipita muda wa saa mbili na wali haukuingia kwenye friji, umwagwe.

Usiku hakuna anayehesabu, kwa hiyo njia rahisi ni wali usilale ndani ya jiko. Baada ya chakula cha usiku, uliobaki utandazwe kwenye sahani pana upoe haraka, uingie kwenye friji, na asubuhi upashwe mara moja tu hadi uwe wa moto kabisa. Friji yenyewe ikikosa umeme kwa zaidi ya saa nne, wali huo nao usiliwe. Nyumba isiyo na friji ipime mchele wa mlo mmoja. Wali wa shule upikwe asubuhi na uingie ukiwa wa moto sana kwenye hotpoti iliyosuuzwa kwanza kwa maji yanayochemka.

Umeme ukikatika wali ukiwa katikati ya kuiva, swichi inyanyuliwe na plagi ichomolewe. Katika majiko mengi ya kawaida swichi hubaki chini, na umeme ukirudi huanza kupika hata kama nyumba haina mtu. Wali uhamishiwe kwenye sufuria ya kawaida na kumaliziwa jikoni kwa mkaa, mahali penye hewa. Sufuria ya ndani ya jiko la umeme isiwekwe juu ya moto, kwani utando wake huharibika na kutoa moshi mbaya.

Mtoto akianza kutapika

Dalili za sumu hiyo huanza kati ya nusu saa na saa sita baada ya kula. Kuharisha kunakosababishwa na bakteria huyo huanza kati ya saa sita na 15. Wengi hupona ndani ya siku moja, lakini mtoto mdogo hupungukiwa maji haraka.

Apewe ORS, pakiti ichanganywe na kiasi cha maji safi kilichoandikwa juu yake, mara nyingi lita moja. Anywe kidogo kidogo kwa kijiko, na akitapika, mzazi asubiri dakika 10 kisha aendelee. Anayenyonya aendelee kunyonya. Akiwa anaharisha, kituo cha afya kitampa pia vidonge vya zinki.

Asisubirishwe nyumbani mtoto anayeshindwa kunywa, anayetapika kila kitu, mwenye macho yaliyozama, aliyelegea au asiyeamka vizuri, mwenye degedege au damu kwenye kinyesi. Huyo apelekwe hospitali mara moja, na anayempeleka amweleze mhudumu mtoto alikula nini, saa ngapi, na kama wali huo ulikuwa wa jana.