Surua imeisha, mbona mtoto bado anafumba macho?

Wiki iliyopita mama mmoja, jirani wa mtaa wa pili, alinisimamisha njiani. Mtoto alikuwa mgongoni, amefunikwa kanga hadi kichwani. "Dada, homa imekwisha na vipele vimekauka, ila macho yanamuuma. Mama mkwe anasema ni mabaki ya surua. Nimkamulie maziwa?"

Nikamwambia asimkamulie chochote, twende zahanati.

Mzazi mwenzangu, macho mekundu yenye machozi huja na surua tangu siku za mwanzo, pamoja na mafua na kikohozi. Hayo peke yake huhitaji kusafishwa tu kwa kitambaa safi na maji yaliyochemshwa yakapoa. Cha kuogopa ni maumivu yanayozidi wakati homa imeshuka. Mtoto anakwepa mwanga, mchana kutwa kajificha kifuani mwako. Msogeze dirishani umtazame: ile sehemu nyeusi ya jicho inatakiwa ing'ae. Ukiona imefifia kama kioo kilichopuliziwa pumzi, au ina kidoa cheupe, mpeleke hospitali leo hii, usingoje kesho.

Surua humaliza akiba ya vitamini A mwilini, hasa kwa mtoto ambaye tayari alikuwa hali vizuri. Akiishiwa, kioo cha jicho hukauka, hupata kidonda, na kinaweza kutoboka ndani ya siku chache. Kovu likishabaki, miwani hailiondoi.

Ndiyo maana mtoto mwenye surua hupewa vitamini A kwa mdomo siku mbili mfululizo, hata kama macho hayamuumi. Aliye chini ya miezi 6 hupewa yuniti 50,000, wa miezi 6 hadi 11 yuniti 100,000, na kuanzia mwaka 1 yuniti 200,000. Mhudumu ndiye anayetoa, usikadirie nyumbani. Mwenye dalili za macho huongezewa dozi ya tatu baada ya wiki 2 hadi 6. Hiyo ndiyo tunayoisahau, maana wakati huo mtoto ameshaanza kukimbia uani.

Kuhusu maziwa, hata mimi bibi yangu alinikamulia, na sina ugomvi naye. Lakini maziwa na maji ya majani huingiza vijidudu kwenye kidonda. Dawa ya matone iliyobaki kwa jirani nayo iache. Baadhi zina steroidi: wekundu unatulia, nawe unafurahi, kumbe kidonda kinazidi kuchimba.

Kadi ya kliniki ya yule mtoto, mwenye miezi 14, ilionyesha chanjo ya surua ya miezi 9 haikuchomwa. Walikuwa wamesafiri msibani, wakarudi, ikasahaulika. Alipewa vitamini A palepale na barua ya kwenda kwa daktari wa macho.

Juzi mama yake alinipigia. Jicho la kulia linafunguka vizuri. La kushoto lina kidonda kidogo, na Ijumaa wanarudi kuangaliwa tena.