Reli mpya isimwache mfanyakazi nyuma

TANGU Juni 2024 wananchi wanasafiri kati ya Dar es Salaam na Morogoro kwa treni ya umeme, na tarehe 1 Agosti mwaka huo safari za hadi Dodoma zikazinduliwa rasmi. Treni iendayo kilomita 160 kwa saa ni hatua kubwa, nasi tunaipongeza.

Lakini reli si chuma na nyaya tu. Reli ni dereva, fundi wa karakana, mkuu wa stesheni na karani wa tiketi. Dereva aliyekaa miaka mingi katika kichwa cha treni cha dizeli aliweza kuitambua kasoro ya injini kwa kuusikia mlio wake. Mbele ya mtambo wa umeme sikio hilo halimsaidii sana. Karani aliyekuwa akimhudumia abiria dirishani anaona tiketi zikinunuliwa kwa simu. Watu hawa hawakubadilika. Kazi ndiyo iliyobadilika. Kwa hiyo ni dhuluma kumwita mzembe mtu ambaye jana alikuwa hodari, eti kwa sababu leo hajui mtambo ambao hajafundishwa.

Aidha, mtu huweza kutengana na kazi yake kwa njia mbili. Kwanza, kazi hudai ujuzi asiokuwa nao. Dawa yake ni mafunzo. Pili, kazi humnyima kile kilichomfanya aipende: kukutana na watu, kutumia mikono yake, au kuaminiwa kuamua. Kasoro hii haitibiwi darasani. Hutibiwa kwa kumsikiliza mfanyakazi kabla ya kumpangia nafasi mpya.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 38, inamtaka mwajiri anayekusudia kupunguza wafanyakazi atoe taarifa, aeleze sababu na kushauriana nao. Hilo ni jema, lakini halitoshi. Mashauriano yanayongoja siku ya kupunguza watu yamechelewa. Yapaswa kuanza siku mtambo unapoagizwa, ili unapowasili bandarini watakaouendesha wawe tayari.

Wafanyakazi nao wana wajibu. Asiyetaka kujifunza hana haki ya kulalamika akipitwa.

Tunawahimiza viongozi wa mashirika yote, siyo ya reli peke yake, kila wanapotenga fedha za mitambo watenge pia fedha na muda wa kuwaandaa watu. Mtambo usiokuwa na mtu anayeumudu ni hasara kwa Taifa.